Bi Mkubwa Alivyorudi Kutoka Buchani

Kama uko mezani, maliza kwanza kula ndipo usome. Au acha kula kabisa, hiari yako. Mimi nimeshasema, lawama sizitaki.

Siku shemeji yangu alipomrudisha Bi Mkubwa, harufu ilitangulia kufika kwa dakika tano nzima. Nilikuwa nimekaa barazani na kikombe cha chai, mguu wangu mbovu nimeuweka juu ya kigoda. Kwanza nikadhani panya amefia darini. Nikainua mguu mzima nikatazama soli ya kiatu. Kisha nikamtazama paka, na paka naye akanitazama mimi, kila mmoja anamshuku mwenzake. Nguo zilizokuwa zimeanikwa kwenye kamba, nakuapia, ziligeuka zenyewe zikaupa mlango wa ua mgongo.

Walioingia kwanza ni inzi, kwa mistari, kama watangulizi wa msafara wa mkubwa fulani. Halafu ikaingia pikipiki. Halafu shemeji mwenyewe, anaisukuma huku anatafuna kitu ambacho sikutaka kukijua.

"Shem!" akaniita kwa furaha. "Mkeo mkubwa huyu hapa. Mzima kama ulivyomwacha."

Shemeji huyu ni kaka wa mke wangu, na ana bucha. Sisemi bucha ni kazi mbaya, nyama mimi mwenyewe nala. Ila kuna watu wanauza nyama, na kuna watu wanaivaa. Yeye huivaa. Aproni yake ukiivua ukaisimamisha sakafuni, inasimama. Mtaani wanamwita Matumbo, naye anaitika.

Nikaiangalia pikipiki yangu. Kwenye kerea, pale nilipofunga mkoba wangu wa kazi kwa miaka thelathini na moja, palikuwa na gunia lililoloa, linadondosha tone moja moja, bila haraka. Tanki la samawati lilikuwa na alama za vidole vya mafuta, kumi kwa kumi, kama limepimwa homa na jitu. Juu ya kiti damu ilikuwa imeganda na kufanya gamba jeusi, na kwenye gamba hilo manyoya ya mbuzi yamenata, yanapepea kwa upepo. Katikati ya spoku za gurudumu la nyuma kulikuwa na utepe wa kijivu. Niliujua ni nini, ila moyoni nikaukana.

"Nini hicho kwenye gurudumu?"

"Hiki?" Akauvuta kwa vidole viwili, akaunusa. Akaunusa, ndugu yangu! "Aa, utumbo tu. Wa juzi." Akamtupia paka. Paka akapanda juu ya paa na hakuonekana mpaka kesho yake.

"Na ufunguo uko wapi?"

Akautoa mdomoni. Alikuwa anachokonolea meno.

*

Lazima nikueleze mimi ni mtu wa namna gani, usije ukadhani nadeka. Nilikuwa msoma mita za maji. Kazi hiyo ni ya kufunua vifuniko vya watu, na chini ya vifuniko vya waheshimiwa nimeona mengi: vyura wenye vitambi, nywele zilizosokotana kama mkeka, meno ya bandia yanayotabasamu, na mara moja mjusi mwenye ndevu aliyeniamkia. Ndiyo maana nina kinyaa. Natembea na vitambaa viwili, kimoja cha pua na kimoja cha kushikia vitasa vya milango. Mkono wa mtu siushiki kabla sijauona pande zote mbili.

Bi Mkubwa nilikabidhiwa kazini miezi miwili kabla sijaoa, na nilipostaafu ofisi ikaniachia. Ndiyo maana akaitwa Bi Mkubwa. Mke wangu mwenyewe huwaambia wageni kwamba yeye aliolewa wa pili na hana kinyongo. Ni pikipiki ya zamani, mabomba mawili ya moshi, moja kila upande, na uzito wa fahali aliyetoka kula. Nilikuwa namfuta kila jioni kwa fulana laini. Fulana zangu hata mimi mwenyewe sikuzivaa zikiwa laini kiasi hicho.

Sasa, miezi mitatu nyuma, niliumia mguu wa kushoto. Habari iliyosambaa mtaani, ambayo niliisambaza mwenyewe, ni kwamba ng'ombe aliyekatika kamba alikuwa anakwenda kumkanyaga mtoto mchanga, nami nikajitupa katikati. Kila nilipoisimulia ng'ombe aliongezeka kimo. Mwishowe ilibidi ainame kupita chini ya nyaya za umeme.

Watu waliikubali. Binti yangu hakuikubali. Yeye ni muuguzi, na ndiye aliyenifunga jeraha.

"Baba, ng'ombe alikupiga teke hapa?"

"Hapo hapo."

"Na hapa kwenye muundi, hii si ya teke. Hii ni ya kuungua." Akaniangalia. "Tangu lini ng'ombe akaunguza mtu?"

"Alikuwa na homa," nikasema.

Hakucheka. Alimaliza kufunga bandeji, akaenda uani, akamtazama Bi Mkubwa aliyekuwa ameegemezwa ukutani, kisha akarudi na ufunguo mkononi. "Baba, nikijua uliangukaje, nitajua kama utaanguka tena. Usiponiambia, sijui. Na mimi nisipojua, ufunguo siutoi." Nikarudia habari ya ng'ombe. Akautia ufunguo mfukoni, na wiki ile ile akampa mjomba wake pikipiki, aiendeshe isishike kutu wakati mimi nalala na mguu juu ya mito. Mjomba mtu akafurahi. Aliitumia kupeleka nyama kwa wateja, na kutoa machinjioni vile vitu ambavyo wateja hawaviulizii.

Mimi nilibaki naye binti kwenye ngazi tatu za baraza, kila asubuhi kabla hajaenda kazini, ananifundisha kupanda upya kama mtoto. Kazi yenyewe niliichukia. Nilikuwa nakamata nguzo ya baraza kwa mikono yote miwili najivuta, natoa jasho, nasikia mshipa wa mgongo unalia kama bawaba.

"Usijivute, baba. Mikono ni ya kujisawazisha tu. Mguu mzima utangulie juu. Haya, uegemee. Sasa simama juu yake. Hujivuti, unapanda."

"Napanda."

"Hupandi, unajivuta. Rudi chini."

Nilirudi chini mara mia mbili na zaidi. Hapo sitii chumvi.

*

Kwa hiyo siku hiyo pikipiki iliporudi na inzi wake, binti alikuwapo, ametoka kazini na sare yake nyeupe. Alisimama mbali nayo kidogo. Shemeji akamwambia waziwazi kwamba ameileta tu ili tuione, ila kusema kweli biashara yake imeizoea, na kwa hali ya mzee na mguu wake, si bora ibaki buchani moja kwa moja?

"Shem," akanigeukia, "wewe sasa ni mtu wa kukaa. Kaa! Utaletewa chai, utaletewa uji, ukitaka kwenda haja utashikwa mkono."

Hilo ndilo nililokuwa nalifikiria usiku na mchana na kulikimbia. Pikipiki ndiyo inayonitoa. Nakwenda kuwasalimia wenzangu wa mita, naleta mwenyewe dawa zangu, narudi na habari za uongo na ukweli. Bila Bi Mkubwa mimi ni mzee wa barazani anayeulizwa na kila apitaye kama ameshakojoa.

"Itabaki hapa," nikasema.

"Utaiweza?"

Binti akaamua. Yeye huamua kama anachoma sindano, hakuna kukuzoesha. "Jumamosi asubuhi sipo kazini. Baba, utaisimamisha kwenye stendi kubwa, hapa uani, peke yako, mimi naangalia. Ikianguka, inakwenda kwa mjomba na hairudi. Isipoanguka, tutazungumza. Kabla ya Jumamosi stendi hiyo usiiguse. Na ufunguo ubaki kwa mjomba mpaka siku hiyo."

Shemeji akaurudisha ufunguo mdomoni kwa raha.

Kwa asiyejua: pikipiki ina stendi mbili. Ndogo iko ubavuni, unaitoa tu na pikipiki inaegemea, hata mvivu anaiweza. Kubwa iko chini ya tumbo, ina miguu miwili, nayo huinua gurudumu la nyuma lisiguse chini, pikipiki isimame wima. Bila hiyo huwezi kupaka mnyororo mafuta, huwezi kuziba pancha ya nyuma, huwezi kuosha chini. Na kuipandisha pikipiki nzito juu yake ukiwa peke yako, hapo wanaume wengi wamejifanya wameitwa ndani.

*

Siku mbili nilizipoteza kwa kuosha. Nilijifunga vitambaa vyote viwili puani. Gunia nililiondoa kwa ufagio mrefu. Chini yake funza walikuwa wamejaa hata nafasi hawana, wanapandana, wananenepa, na mmoja mkubwa akanyanyua kichwa kuniangalia kama mpangaji anayeona mwenye nyumba kaja. Nilitapika kidogo kando, nikarudi. Gamba la kiti nilililoweka kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Likatoka vipande vipande na kila kipande na harufu yake, kimoja cha ini, kimoja cha kwato zilizochomwa, kimoja sijui cha nini na sitaki kujua. Ndani ya boksi la vifaa nikakuta sikio. Sikio la mbuzi, kavu, limejikunja. Nilikaa nalo nikifikiri mbuzi huyu alisikia nini mara ya mwisho, nikaona heri asingesikia.

Jioni ya Ijumaa tanki lilikuwa linang'aa. Isipokuwa sehemu moja. Chini ya tumbo, pale stendi kubwa inapojikunja, palikuwa peusi na pananing'inia vitu. Ili uoshe pale sawasawa lazima pikipiki iwe juu ya stendi hiyo hiyo, na stendi nimekatazwa. Ningeweza kulala chini nikaingiza mkono. Niliinama nikachungulia. Kitu kikadondoka mbele ya pua yangu, laini, cha manjano. Nikainuka. Nikamwagia ndoo ya maji nikiwa mbali, uso nimeugeuzia ukutani, nikasema basi, inatosha.

Hilo ndilo kosa langu, na nililifanya kwa kinyaa tu.

*

Jumamosi mke wangu alitoa kiti akakaa na ungo wake anachambua maharage, ila macho hayakuwa kwenye maharage. Shemeji alikuja mapema, mikono inang'aa mafuta, akaniambia amefunga bucha kwa heshima yangu. Binti alisimama amekunja mikono, ameshavaa sare ya zamu ya mchana. Na bata wetu mmoja, mkubwa, mweupe, mwenye nyama nyekundu usoni kama jipu lililopasuka, alikuwa anazungukazunguka uani na kuacha alama zake kila alipopita. Bata huyo simpendi. Utajua kwa nini.

Nilivaa buti za kazi, zenye soli ngumu. Nilifuta mikono mpaka ikakauka. Nikamweka Bi Mkubwa kwenye saruji, pale palipo sawa, si kwenye mchanga. Gia nikaitoa. Stendi ndogo nikaiacha nje, haijakunjwa.

"Hiyo mbona hukunji?" shemeji akauliza. "Unaogopa?"

"Naogopa," nikasema. Binti akaniangalia.

Nikasimama upande wa kushoto. Mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye chuma cha chini ya kiti. Nikamwinua Bi Mkubwa akawa wima, nikaweka mguu wa kulia kwenye kile kichuma cha kukanyagia kinachotokeza ubavuni mwa stendi, nikakisukuma chini. Nikamtikisa kidogo, huku na huku, mpaka nikasikia miguu yote miwili ya stendi inagonga saruji: ta, ta. Mpaka hapo, kitabu kinasema hivyo hivyo, kama kingekuwapo kitabu. Nikavuta pumzi, nikakanyaga.

Mguu ukateleza kama nimekanyaga samaki. Kichuma kikanichana muundi wa kulia, Bi Mkubwa akanijia ubavuni, mzito, taratibu, na mimi nikaona miezi mitatu mingine ya mito na uji na watu wa kuuliza kama nimekojoa. Kisha: tuk. Stendi ndogo ikamdaka. Akaegemea, akatulia.

"Kashindwa!" shemeji akaruka. "Kashindwa mchana kweupe! Haya, leteni ufunguo. Aa, ninao."

"Mjomba, subiri," binti akasema. "Imeanguka?"

"Si umeona mwenyewe?"

"Nimeona imeegemea. Nilisema ikianguka." Akaja karibu nami, akachuchumaa, akanikunja suruali aone mchubuko. Hakuuangalia sana. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Baba. Siku ile stendi ndogo ilikuwa nje?"

Nikafungua mdomo. Ng'ombe alikuwa tayari pale kwenye ulimi, mkubwa, na pembe zake. Nikamtazama binti, jinsi alivyochuchumaa na sare yake safi juu ya saruji ile chafu ili anitazame mguu, nikamrudisha ng'ombe zizini.

"Ilikuwa imekunjwa," nikasema.

"Na miguuni ulivaa nini?"

"Ndala."

"Injini?"

"Ya moto. Nilikuwa nimetoka kuiendesha. Nikaishika kwa mikono miwili nikainyanyua. Kwa mgongo. Nilikuwa naweza hivyo nilipokuwa kijana. Ndala ikateleza, ikanilalia, bomba likakaa juu ya muundi."

"Kwa nini hukusema tu?"

Nikaikunjua suruali. Shemeji amesogea, mke wangu ameacha maharage.

"Baba?"

"Kulikuwa hakuna mtu nyumbani. Nililala pale chini kama saa nzima kabla sijajinasua. Nikawa napiga kelele: nisaidieni! Naita majirani, mdomo umefunguka wazi, kichwa kiko chini, siwezi kugeuka." Nikanyoosha kidole. "Yule akapanda juu ya tanki."

Wote wakageuka kumtazama bata.

"Akasimama hapo juu," nikaendelea, maana nilishaanza, "akanigeuzia mgongo. Na mimi nilikuwa katikati ya neno."

Nilisikia inzi mmoja anatua.

"Mdomoni?" mke wangu akanong'ona.

"Sisemi zaidi."

"Umekula?" shemeji akauliza kwa macho ya shauku, na ndipo alipoanguka chini kwa kicheko, anapiga saruji kwa viganja vyake vya mafuta, machozi, kamasi, vyote kwa pamoja. Mke wangu alijifunika uso na ungo, maharage yakamwagika, na mabega yakawa yanamtikisika. Nilikuwa nimeificha siku ile kwa ng'ombe mwenye urefu wa nyaya za umeme, na sasa imetoka, na nilijisikia kichefuchefu kilekile upya, ladha ileile, kama udongo uliochacha na chokaa.

Binti peke yake hakucheka. Aliuma mdomo kwa ndani, lakini hakucheka. "Sasa nimejua," akasema. "Ndala, injini ya moto, stendi ndogo imekunjwa, na mgongo." Alivihesabu kama dalili za mgonjwa. "Leo vyote hivyo umeviacha. Basi kwa nini umeteleza?"

*

"Kwa sababu ni mzee!" shemeji akasema huku anajifuta kwa aproni, jambo lililomzidishia uchafu. "Pisha, nikuonyeshe inavyofanywa na wanaume."

Akatema mate kiganja cha kushoto. Akatema cha kulia. Yalikuwa mate yenye vipande. Akayasugua mpaka yakalia, kisha kwa mikono hiyo, hiyo hiyo, akashika usukani wangu niliousafisha kwa siku mbili. Nilihisi kama amenishika usoni. Hakutafuta kichuma cha kukanyagia wala hakujua kipo wapi. Alijikunja, akakumbatia kiti na kerea kama anambeba ndama, akavuta juu. Ni mtu mwenye nguvu, paja la ng'ombe hulibeba begani. Mishipa ya shingo ikamtoka, uso ukawa rangi ya ini, na mwili wake ukatoa sauti ndefu ambayo haikutokea mdomoni. Bi Mkubwa hakuinuka hata unene wa ukucha. Alitikisika tu, akarudi kuegemea.

Mke wangu akasogeza kiti chake upande upepo unakotoka.

"Mjomba," binti akauliza, naye amejiziba pua, "kule buchani ulikuwa unaisimamishaje?"

"Kwani lazima isimame? Nilikuwa naiegemeza ukutani."

"Miezi yote hii hukuishusha stendi kubwa hata siku moja?"

"Ya nini?"

Binti akanitazama, nami nikamtazama. Tulielewa wakati mmoja. Miezi yote ile shahamu ilikuwa inadondoka kutoka kwenye kerea, inaganda palepale chini, juu ya kichuma nilichokikanyaga, na hakuna soli iliyowahi kuifuta. Na mimi niliyepaswa kuifuta niligeuzia uso ukutani na ndoo mkononi.

"Nipe kijiko," nikamwambia mke wangu.

"Kijiko changu cha nini?"

"Nitakununulia kingine."

"Hicho sitaki hata kukiona tena," akasema, lakini akaenda kukileta, kile cha zamani, akanirushia kutoka mbali.

Nikatandika gunia jingine, safi, nikalala ubavu, shavu karibu na saruji. Juu yangu palikuwa na kiza na harufu. Vitambaa vyangu viwili niliviacha mfukoni, maana puani nilihitaji pumzi. Nikaingiza mkono. Usiniulize sana. Kwanza ilikuwa baridi, halafu laini, halafu ikatoa sauti ya mtu anayebusu. Nilikwangua. Shahamu ilitoka kwa mabonge ya manjano, nyepesi kwa juu, kijani kwa ndani, na bonge moja lilinipitia katikati ya vidole likaingia ndani ya mkono wa shati langu na kuteremka polepole hadi kwapani, likatulia huko kama limefika kwao. Ndani ya bonge jingine kulikuwa na jino. Nilisikia machozi yananitoka na sikujali, nikaendelea kukwangua mpaka kijiko kikalia kwenye chuma kitupu. Kisha mafuta ya taa kwenye tambara, nikafuta kichuma mara tatu, nikafuta na soli ya buti. Usukani nao nikaufuta, kwa ajili ya mate.

Nilipoinuka bata alikuwa amesimama karibu na kichwa changu. Nilikuwa nimefunga mdomo muda wote, kwa taarifa yake.

"Baba, pumzika kwanza," binti akasema.

"Nikipumzika nitanusa."

Nikasimama tena kushoto kwa Bi Mkubwa. Kushoto usukani, kulia chuma cha chini ya kiti. Nikamwinua wima. Mguu wa kulia, ule mzima, nikauweka juu ya kichuma. Nikamtikisa: ta, ta. Mikono nikailegeza ikawa ya kumsawazisha tu. Mgongo nikaunyoosha. Nikauegemea ule mguu. Sikuvuta chochote. Nilipanda, kama napanda ngazi ya kwanza ya baraza, uzito wangu wote, miaka yangu yote, na shahamu ya kwapani. Nilipopanda mimi, Bi Mkubwa naye alipanda, akarudi nyuma shibiri moja, akakaa. Gurudumu la nyuma likabaki hewani linazunguka polepole, na tone la mwisho la maji ya buchani likadondoka.

Nikaondoa mikono nikaionyesha, mitupu.

"Amefanyaje huyu?" shemeji akauliza. "Hakunyanyua! Mimi nimenyanyua, yeye hakunyanyua!"

Binti alikuwa anaziangalia ngazi tatu za baraza, kisha akaniangalia mimi. "Nani alikufundisha hivyo?"

"Fundi mmoja," nikasema. "Mwanamke, mkali ajabu. Alikuwa ananirudisha chini kila nikijivuta."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akashika usukani asianguke, na Bi Mkubwa akamshika vizuri, hakuyumba. "Katikati ya neno!" alikuwa anasema, anajifuta macho. "Baba! Katikati ya neno!" Kumbe alikuwa amekibana kicheko muda wote, mpaka kazi iishe.

Kisha akamnyooshea mjomba wake mkono. "Ufunguo."

"Lakini mwanangu, biashara yangu..."

"Mjomba. Ufunguo."

Shemeji akauchomoa mdomoni, akautazama, akaona una kitu, akakilamba, akanipa. Sikuupokea. Nilimshikia kopo tupu la maziwa, akautumbukiza, ukalia. Niliuchemsha mara tatu juu ya moto wa uani, maana jikoni mke wangu alisimama mlangoni na mwiko. Maji ya kwanza yalitoka na rangi. Ya pili yalitoka na uzi wa nyama. Ya tatu niliyatazama sana, yakawa maji tu, ndipo nikautoa kwa koleo, nikaufunga kwenye kitambaa cha vitasa.

Sasa natoka kila asubuhi. Harufu haijaisha kabisa. Ikipiga jua inarudi, na mbwa wa mtaa mzima hunifuata kwa mstari mpaka barabara kubwa, nami huwaambia watu ni walinzi wangu nimepewa na ofisi. Nikifika ninakokwenda, namtafutia Bi Mkubwa mahali palipo sawa, nakagua kichuma, napanda. Watu husimama kutazama. Huwa wanauona pia ule mguu wangu wa kushoto suruali ikijikunja, lile kovu refu linalong'aa.

"Mzee, hiyo ni nini?"

Binti yangu nilishamwambia kweli, na hiyo inanitosha maisha yangu yote.

"Ng'ombe," nawaambia. "Alikuwa na homa."